Siku tano Mombasa, na ndia ni ile ile

Siku ya kwanza: Syokimau mpaka Miritini

Nyanya alinipigia wiki iliyopita akasema njoo, kuna barua. Nyanya akisema kuna barua usifikirie posta, ni kijana amebisha hodi na karatasi, akaisoma mbio mbio, akaenda zake. Karatasi yenyewe inasema viwanja vya mtaa wetu Majengo vinahakikiwa viingizwe kwenye kompyuta, na kila anayekaa juu ya kiwanja alete stakabadhi zake. Basi mimi ndio mjukuu wa kompyuta. Kazi yangu ni kuvuta nyaya za intaneti maofisini huku Nairobi, kwa hivyo kitu chochote chenye taa ndogo ndogo kikiharibika kule nyumbani naulizwa mimi, hata maikrowevu.

Tiketi ya treni, kutoka stesheni ya Syokimau huku Nairobi mpaka ya Miritini kule Mombasa, nimekata kwa *639#, ikataka namba ya kitambulisho. Nyanya kitambulisho hakiiti kitambulisho, anakiita kipande, na si yeye peke yake, wazee wengi wa Kenya wanasema ivo ivo. Watu tunacheka lakini kipande kilikua kitu kweli. Sheria yake ilipita 1915, ikaja kukazwa baada ya vita vya kwanza vya dunia: mwanamume Mwafrika lazima atembee na karatasi yenye alama za vidole vyake na maneno ya mwajiri wake, imefungiwa ndani ya kijikopo cha chuma, kimening'inia shingoni. Baba yake nyanya alikua Mdigo, hamali pale Kilindini, na kitu alichokumbuka si kazi wala mshahara, ni kile kijikopo kinavyopata moto juani kikamuunguza kifua.

Sasa 2019 tukapiga foleni ya Huduma Namba, ule usajili wa serikali wa namba moja kwa kila mtu, tukatoa vidole vyote kumi, na 2021 mahakama kuu ikasema zile kadi zimetolewa kinyume cha sheria kwa sababu serikali haikupima kwanza madhara yake kwa data za watu. Alafu ikaja Maisha Namba, ya namna hio hio. Mimi sisemi kitambulisho ni kibaya, bila hicho ningekua bado niko Syokimau. Nasema tu mimi nilipofika miaka 18 niliitwa mbele ya kamati nipigwe msasa, niulizwe babu wa babu yangu alizikwa wapi, wakati mwenzangu wa darasa mwenye jina la bara alichukua chake kama anayenunua soda. Mashine ya vidole ilikua mpya inang'aa. Swali ndio lilikua kuukuu.

Treni ikatoka saa mbili asubuhi. Dirishani unaiona reli ya zamani inakuja, inapotea, inarudi tena, kama ndugu wawili waliogombana lakini wanaenda msiba mmoja. Ile ilianzwa Mombasa 1896 ikafika ziwa Victoria 1901, wakaletwa wafanyakazi zaidi ya elfu 30 kutoka India na wapata 2,500 wakafa. Hii yetu ilifunguliwa 2017, pesa nyingi mkopo wa Exim Bank ya China. Tajiri amebadilika, ramani haikubadilika: bandarini kwenda ndani, mali ishuke, bidhaa zipande. Kutoka Mombasa kwenda Lamu hakuna reli mpaka leo, wala ya kufuata pwani kwenda Tanga, na huko ndiko watu wa pwani walikua wakitembeleana tangu enzi za majahazi.

Tsavo watoto wote wakakimbilia dirisha kutafuta simba. Nikawa nataka kuwaambia wale simba wenyewe waliokula watu wa reli 1898 wako Chicago, wamejazwa ndani ya makumbusho tangu 1925, na juzi juzi 2024 watafiti wakachokoa nywele zilizoganda kwenye meno yao wakazipima vinasaba. Hata mabaki ya chakula cha simba wetu yasomwa kwingine. Lakini mtoto wa watu anataka kuona twiga, nikanyamaza.

Miritini saa nane. Joto lile la kukukumbatia bila kuulizwa.

Siku ya pili: Mji wa Kale

Asubuhi mahamri na mbaazi, na kashfa ya kwanza ya safari.

Nyanya ana kitukuu Uingereza, mtoto wa miaka tisa, Kiswahili hajui, anajua "jambo" ya watalii. Wanaongea kwa simu yenye programu ya kutafsiri, nyanya anasema kwa mdomo, simu inaandika, alafu inageuza. Sasa nyanya Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, hajawahi kukipunguza makali kwa ajili ya mtu yeyote. Akasema kwa sauti ya mapenzi kabisa, "Ndoo umuone nyanyako." Maana yake njoo umuone. Simu ikafikiri, ikamwandikia mtoto kitu kuhusu ndoo, ile ya kutekea maji. Mtoto akajibu anauliza ndoo gani. Nyanya akajaribu tena, "Mato yangu yataka kukuona," yaani macho yangu, hapo ndio simu ikachanganyikiwa kabisa. Akanirudishia akasema, "Mwanangu, hii simu si ya kwetu, hii ni ya Unguja."

Nilicheka mpaka nikapaliwa, lakini nyanya alisema kweli kuliko alivyojua. 1928 wakoloni walikaa mkutano kuamua Kiswahili kipi kiwe cha shule na vitabu, wakachagua Kiunguja, wakakiacha Kimvita. Na mkutano wenyewe ulikaa hapa hapa Mombasa! Yaani walikuja nyumbani kwetu, wakala wali wetu, wakatuambia mtele sasa ni mchele. 1930 ikaundwa kamati ya lugha, vitabu vikasanifiwa, gazeti likafuata, redio ikafuata, na sasa hizi mashine zinafundishwa kwa kulishwa hayo hayo maandishi. Mashine haijui Kimvita kwa sababu haikukiona, na haikukiona kwa sababu kuna watu waliamua karibu miaka mia iliyopita kisichapishwe. Hakuna mtu leo amekaa mahali anamchukia nyanya yangu. Hio ndio inayoniudhi zaidi, wallahi, hakuna hata wa kumgombeza.

(Na kabla mtu wa Zanzibar hajakasirika, mimi Kiunguja nakipenda, ndio hiki nakuandikia.)

Jioni nikatembea Mji wa Kale kutoa hasira. Fort Jesus kumejaa watu, Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Nikafungua ramani kwenye simu nione inaitaje ule mtaa wa nyuma. "Ndia Kuu Road." Ndia kuu ni njia kuu. Kwa hivyo ramani inasema barabara ya njia kuu, kama mtu anayekwambia maji ya maji. Nikajaribu kumwandikia rafiki yangu kwamba niko Ndia Kuu na simu ikanibadilishia ikaandika Ndizi Kuu. Akaniuliza ni hoteli mpya?

Kuna duka moja la vitu vya kale, mwenyewe ni mzee wa Kibohora, akanionyesha sarafu ya shaba nyeusi nyeusi, ndogo, ina mwaka 1888 na jina Mombasa limeandikwa kabisa, upande mwingine mizani na maandishi ya Kiarabu. Hizi zilitolewa na Imperial British East Africa Company. Kampuni, si serikali! Kampuni ya biashara ya London iliyopewa hati na malkia wao mwaka huo huo 1888, ikaja ikatoa pesa yake, ikaweka askari wake, na 1895 iliposhindwa hesabu ikawaachia serikali yao. Nikaishika kwa muda. Nzito kuliko inavyoonekana. Alafu nikamlipa mzee kahawa yake kwa M-Pesa, sote wawili tukaangalia simu inalia, hatukusema kitu.

Siku ya tatu: ofisini

Leo ndio siku yenyewe kwa hivyo mnivumilie, itakua ndefu.

Nyumba yetu ni kitu ambacho mtu wa bara nikimweleza anadhani nimelewa: nyumba bila ardhi. Ukuta ni wetu, mabati ni yetu, mlango babu aliununua mwenyewe, lakini mchanga ulio chini ni wa mtu mwingine, na yeye tunamlipa kodi ya kiwanja. Nusu ya watu ninaowajua Mombasa wamekulia kwenye nyumba kama hizo. Akikohoa mwenye ardhi, mtaa mzima hawalali.

Imekuaje? Ukanda wa pwani, maili kumi kutoka baharini, ulikua wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakaukodi kwa mkataba wa 1895. Alafu 1908 wakatunga sheria ya hati za ardhi: mwenye madai aje mbele ya msajili athibitishe, apewe cheti. Ambayo haikudaiwa ikawa ya taji la Uingereza. Inasikika haki kabisa, sivyo? Lakini Wamijikenda, ambao Wadigo ni mmoja wao, ardhi yao ilikua ya mbari na kaya, si ya mtu mmoja mwenye karatasi, na madai ya namna hio hayakuingia. Aliyejua kusoma tangazo, akajua ofisi iko wapi, akawa na wakili, alitoka na cheti. Baba yake nyanya yuko Kilindini anabeba magunia na kijikopo shingoni. Siku moja akarudi nyumbani akaambiwa anaishi kwa watu.

Tukafika hio ofisi saa mbili na nusu, mimi na nyanya na mkebe wa biskuti. Mkebe una risiti za kodi ya kiwanja, zote, tangu wakati wa baba yake. Foleni imefika nje. Karani ni kijana mstaarabu, tena wa hapa hapa, akamwamkia nyanya shikamoo, akamtafutia kiti, sina ubaya naye. Akageuza skrini kidogo nione. Sehemu ya kwanza: namba ya kiwanja. Tunayo. Sehemu ya pili: mwenye hati. Likaja jina la marehemu mmoja ambaye jamaa zake wako Maskati. Akashuka chini. Hakuna sehemu nyingine.

Nikamuuliza, sasa mwenye nyumba anaandikwa wapi? Akasema, "Mwenye nyumba si ndio mwenye kiwanja?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mfumo hauna hio."

Nyanya akauliza hicho kioo kimesema nini. Nikamwambia hakijasema kitu, hakina mahali pa kukuandika. Akasema, "Kwani mtu si anaongeza tu mstari?" Ameshika daftari maisha yake yote, la chama cha kina mama, la harusi, la michango ya matanga, mstari ukikosekana anapiga kwa rula. Karani akatabasamu akasema mistari inapigwa Nairobi. Nami nafanya kazi Nairobi, kwa hivyo najua kwamba mara nyingi hata Nairobi haipigwi, inatoka na kontrakta aliyepewa orodha ya safu zilizokuwa kwenye daftari la zamani, akaambiwa zihamishe kama zilivyo.

Kila mtu anasifia Ardhisasa, mfumo wa serikali uliozinduliwa 2021 ukaanza na Nairobi, kwamba utaua ufisadi, mafaili hayatapotea tena. Na kweli mafaili yalikua yanapotea, mtu anakwambia faili limeliwa na mchwa kumbe mchwa ana gari jipya. Ila kuiingiza karatasi kwenye kompyuta hakuiulizi karatasi ilipatikana vipi. Zamani ungeweza kubishana na cheti cha miaka mia, ukasema kimechakaa, jina halisomeki, leta wazee. Sasa limechapwa safi, lina namba ya mfumo. Dhuluma ya zamani imepigwa pasi.

Nikasema tuokoe tunachoweza. Tukarudi nyumbani nikaanza kupiga picha risiti moja moja kwa ile programu ya simu inayosoma maandishi. Za miaka ya karibuni imesoma vizuri. Zile za wakati wa mkoloni zenye muhuri wa Kiingereza ikasoma muhuri, ikaacha zilizobaki. Tukafika zile za chini kabisa ya mkebe, karatasi rangi ya chai, zimeandikwa kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wote wa hapa kabla ya skuli za misheni. Nikaielekeza simu. Ikazunguka zunguka, ikaleta vipande vya maneno ya Kiarabu visivyounga, alafu ikaniandikia hakuna maandishi yaliyopatikana.

Nyanya akaichukua, akaisogeza karibu na dirisha, akaisoma kama anavyosoma juzuu: nimepokea kutoka kwa fulani bin fulani, rupia kadha, kodi ya kiwanja, tarehe ya mwezi wa Shaabani. Akanirudishia. "Yasomeka," akasema.

Siku ya nne: Nyali

Mpwa wangu akasema mjomba leo pumzika, twende ufuoni. Tukala viazi karai njiani, na ukwaju wake ule wa kuramba vidole.

Ufuo wa Nyali kwa mtalii ni mchanga na ngamia, kwangu mimi ni kebo. Upande huu wa Mombasa ndio nchi inavutiwa intaneti yake kutoka baharini. TEAMS, ambayo serikali yetu wenyewe iliisukuma, ilitua Juni 2009 kutoka Fujairah huko Emirati, SEACOM ikawashwa mwezi uliofuata, EASSy 2010, na zikaendelea, mpaka hii 2Africa ya kilomita 45,000 ambayo Meta ni mmoja wa wenyewe. Kabla ya hapo tulikua tunategemea setilaiti, bei ya kuua. Nilikua kijana wakati huo, nakumbuka saiba za intaneti za mjini zilivyobadilika kwa miezi michache tu, sitakuja kusema kebo ni laana.

Lakini nikamwambia mpwa wangu simu ya maandishi, telegrafu, ilishafika hapa kwa waya wa namna hio hio wa chini ya bahari, 1890, kutoka Unguja, na Unguja ilikua imeungwa na Aden tangu 1879, na Aden ndio mlango wa kwenda London. Waya ule haukuwekwa ili mtu wa Mombasa amjulie hali mtu wa Malindi. Uliwekwa mkuu aulize na aliyeko huku ajibu. Angalia sasa: 2024 nyaya zilipokatika Bahari ya Shamu, nchi nyingi zikahangaika, ni njia ile ile ya Aden. Mwezi wa tano mwaka huo huo zikakatika EASSy na SEACOM upande wa Afrika Kusini na sisi huku tukawa tunasubiri picha ya WhatsApp ifunguke kama tunasubiri mwezi wa Idi.

Na zamani ilikua vichekesho zaidi, barua pepe ya Nairobi kwenda Nairobi ilikua inapanda setilaiti, inaenda ng'ambo, inarudi. Mafundi wa Kenya wakachoka wakajenga kituo chao cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, mwaka 2000. Kikafungwa! Na aliyelalamika si mzungu, ni kampuni yetu wenyewe ya simu ya taifa iliyoogopa kupoteza ulaji. Kikafunguliwa tena 2002. M-Pesa nayo, 2007 ilianza, tukajivunia ulimwengu mzima, na mpaka 2015 seva zake zilikua Ujerumani. Ukimtumia jirani hamsini ya muhogo pale Kongowea, hamsini ile ilikua inapita Ujerumani kwanza. Hilo walau lilirudishwa nyumbani, nalisema kwa sababu ni haki kulisema.

Mpwa akanisikiliza kwa adabu, alafu akanionyesha kazi yake. Yeye anachora maboksi. Anapewa picha za barabara za ng'ambo, anazungushia kila gari, kila mtu, kila taa, ili magari yanayojiendesha yajifunze. Picha moja senti kadhaa za dola. Aliniambia anaijua njia panda moja ya mji ambao hajui hata uko nchi gani, anajua kuna mwanamke huvuka na mbwa. Juu ya Nkrumah Road pale, tuktuk zinavyokatiza, hakuna anayechora boksi. Mwezi uliopita akaunti yake ikafungwa usiku, bila sababu, na dola 40 zake ndani. Hakuna ofisi ya kwenda, kuna ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Nikamkumbuka karani wa jana. Angalau yeye alimpa nyanya kiti.

Kule Nairobi 2023 ilitoka hadharani kwamba vijana waliokuwa wakisafisha maneno machafu ili mashine za OpenAI, wale wenye ChatGPT, ziongee kwa adabu walikua wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa, kupitia kampuni ya Sama. Mpwa alikua hajui. Akafikiri kidogo akasema, "Mjomba, hio ni nyingi."

Siku ya tano: kurudi

Sina mengi ya leo. Nimepita Likoni kumuona shangazi, kivuko kimejaa kama kawaida, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, nikarudi mbio kuwahi treni.

Picha za risiti zimetimia 147. Ndani ya treni nikawa nazipa majina moja moja: mwaka, kiasi, aliyepokea. Zile za herufi za Kiarabu nyanya alinisomea jana usiku nikarekodi sauti yake, kila picha na sauti yake pembeni. Kuna wakili mmoja kijana nitampelekea, anasema ushahidi wa kukaa muda mrefu una njia zake mahakamani, hakuniahidi kitu. Nimefanya jedwali langu mwenyewe pia. Safu ya kwanza namba ya kiwanja, ya pili mwenye hati, ya tatu nimeandika mwenye nyumba.

Tumepita Voi, mtandao unakuja unaondoka, ikaingia voisi ya nyanya. Simu ikaniandikia chini maneno yake kwa msaada ambao sikuuomba, kitu kuhusu ndoo chini ya godoro. Nikaweka sikioni nisikilize mwenyewe. Amekuta risiti nyingine, ya mwaka aliozaliwa mamangu. Ndoo uitwae.

Hio itakua namba 148.